Mtoto wa Duka la Spika

Mume wangu anauza na kutengeneza spika. Mtaa mzima unamwita Besi, na jina limemkaa. Chumba chetu kiko nyuma ya duka, kimetengwa na pazia tu.

Siku tuliyotoka hospitali na kichanga wetu, Besi alikuwa anajaribu spika za mteja, ndefu kunizidi mimi. Mtoto alishtuka, akatanua mikono, vidole vyote wazi, akalia mpaka sauti ikamkauka. Siku ya pili alilia kidogo. Ya tatu, kimya. Besi akapiga makofi. "Damu yangu hiyo! Kashazoea!"

Basi ikawa maonyesho. Mteja akiuliza kama spika inakwaruza, Besi anaingia nyuma ya pazia, anamchukua mtoto, anamlaza kaunta, anafungulia muziki. "Umeona? Sauti safi, hata kichanga hashtuki." Watu wanacheka, wananunua. Mama mkwe naye anajigamba kwa majirani kwamba mjukuu wake mpole, hasumbui. Na mimi, niseme ukweli, nilifurahi. Wenzangu hawalali kwa vilio vya watoto, nikajiona nimebahatika. Ovyo kabisa.

Kilichonitia wasiwasi ni kunyonya. Nikimpa ziwa anavuta mara tatu nne, anageuza uso, anapiga miayo, kwikwi, macho kafumba. Maziwa yananijaa mpaka blauzi inalowa. "Ameshiba huyo," anasema mama mkwe.

Wiki ya tatu nikaenda kliniki. Nesi alimpima, akampima tena. Alikuwa na uzito mdogo kuliko siku aliyozaliwa. Akauliza tunaishi wapi. Nikamweleza, na habari ya kaunta nikaisimulia huku nacheka, mjinga mimi. Nesi hakucheka.

"Mama, huyu halali. Amezidiwa na kelele. Kichanga hawezi kuondoka, hawezi kuziba masikio, kwa hiyo anajizima. Na akijizima, hanyonyi. Mtoe humo leo hii, umwamshe anyonye, la sivyo nitamlaza wodini."

Nilirudi nikamwambia Besi azime muziki.

"Nizime tule nini? Huyo nesi anajua nini kuhusu spika?" Kisha akanyoosha mikono. "Hebu mlete, kuna mteja anasubiri."

Sikumpa. Nilisomba nguo za mtoto, nikaenda kwa dada yangu, anayepanga chumba nyuma ya ghala. Pale ukisikia kitu, ni feni.

Siku mbili za kwanza nilikuwa namwamsha, ananyonya kidogo, anarudi kulala, usingizi wa kweli, mdomo wazi. Siku ya tatu, mchana, alifumbua macho mwenyewe, akanitazama. Nikamtazama. Nilimzaa wiki tatu nyuma na ndiyo kwanza tunaonana. Nililia kwa aibu.

Akanyonya mpaka ziwa likalegea. Nilipochelewa kumpa la pili, loo! Aliangua kilio, kilio cha mtu anayedai haki yake, dada akaja mbio na mwiko mkononi.

Simu ikaita. Besi.

"Mnarudi lini? Wateja wanamuulizia." Akasikiliza. "Kelele gani hizo? Mtoto wa nani huyo anayelia?"

"Wako," nikamwambia.