Zabibu za Karlo Juu ya Mforsadi

Utasema naongopa, haya, sema. Lakini neno lililomtoka mama Guliko Jumanne ile getini kwake halijawahi kumtoka mwenyeji yeyote kwenye vilima hivi vya Guria, na waliokuwepo mpaka leo wanalirudia kwa sauti ya chini kama wanataja ugonjwa. Tulia. Usiruke mistari.

Asubuhi alikuwa kwenye kazi yake ya kila asubuhi. Ndoo ya maziwa mkono mmoja, macho chini, anazunguka shina la mforsadi akitafuta zabibu zilizodondoka usiku. Akiipata moja anaifuta kwenye aproni, anaitia mdomoni, anatema mbegu kiganjani. Mbegu bado za kijani. Akaipasua moja kwa meno, ikamkunja uso mpaka masikioni.

"Bado?" Lamzira jirani yake aliuliza kutoka upande wa pili wa ua.

"Bado. Mpaka baridi ya kwanza izipige."

"Unaziramba kila siku kama mjamzito. Ziache basi ziive!"

Mzabibu huo hauko kwenye vichanja kama mizabibu ya watu wa mabondeni. Umepanda juu ya mti wenyewe, umejizungusha kwenye matawi ya mforsadi mpaka umelipita paa la nyumba, na vichala vyake vya rangi ya waridi vinaning'inia huko ambako ndege na nyigu wanafika kabla ya binadamu. Aliupanda Karlo, mumewe, mwaka waliooana. Kila Novemba, majani yakishaanguka, Karlo alikuwa anapanda na kapu refu lenye ncha chini kama pembe, analijaza, analishusha kwa kamba, Guliko analipokea. Machi iliyopita Karlo alikufa. Moyo, palepale kwenye banda la ng'ombe.

Sasa kumbukumbu ya mwaka inakuja, na huku kumbukumbu ya mwaka ni meza ya kijiji kizima. Nyama unaweza kukopa. Viti utaazima kanisani. Divai ya kumnywea marehemu inatoka kwa zabibu zake mwenyewe, kwenye mtungi wake uliofukiwa ardhini nyuma ya nyumba, basi. Ya dukani imepanda bei tena, kila mtu anajua, ila hata ingeshuka, nani atamnywea Karlo divai ya dukani? Kwa mshahara wa mpishi wa chekechea, Guliko alikuwa ameshakubali kukosa mengi. Hilo hakukubali.

Ndoo ilikuwa bado mkononi lori la shirika la umeme liliposimama getini. Walishuka wawili: Jumberi, mkubwa wa kikosi, mwenye sharubu nyeupe na tumbo la heshima, na Temuri, kijana mwembamba mwenye mikanda ya kupandia nguzo.

"Amani nyumbani, shangazi," Jumberi akasema, kofia mkononi. Alikuwa anautazama mti, si yeye. "Huo mforsadi unagusa waya."

"Unagusa tangu enzi za baba mkwe wangu."

"Zamani huko juu kilimani hapakuwa na hoteli. Sasa upepo ukivuma tu, taa za hoteli zinapepesa, bwawa lao la maji moto linapoa, wageni wanalalamika, na bosi anatupigia kelele sisi. Tumeambiwa tuukate leo."

"Matawi?"

Jumberi akakohoa. "Wote, shangazi. Chini kabisa."

Lamzira alikuwa ameshavuka ua, mikono ina unga. Alimvuta Guliko pembeni. "Sikiliza. Mwanangu yupo, ngazi ipo, wape kahawa hawa, sisi tuvune sasa hivi. Chachu ni chachu, utatia sukari, lakini zitakuwa ndani!"

"Nimtilie Karlo sukari kwenye divai?"

"Karlo hatakuwepo kuonja, we mwanamke!"

"Hawataukata," Guliko akasema. "Nawaweka mezani."

Na hapo ndipo alipokosea. Lakini usimcheke mapema, maana yeyote wa huku angefanya vilevile. Watu wa vilima hivi wamekua wakijua kwamba mgeni akishakaa kwenye meza yako, akasimama akamnywea marehemu wako na kumwaga tone kwenye mkate, basi siku ile mkono wake hauwezi kukufanyia ubaya. Hakuna aliyewahi kuona kinyume. Kwa hiyo ngazi ilibaki imeegemea banda, kapu la Karlo likabaki kwenye msumari wake, na Guliko akaanza kukata jibini.

Meza iliwekwa palepale chini ya mforsadi. Mkate wa mahindi wa moto, maharage, spinachi iliyotwangwa na kokwa za jozi, kuku ambaye asubuhi hiyo alikuwa na mipango mingine. Halafu Guliko akaingia ndani, akatoka amekumbatia chupa kubwa ya kioo yenye tumbo. Lamzira alipoiona akashika mashavu. Ilikuwa divai ya mwisho aliyoitengeneza Karlo, akiba ya kuongezea siku ya kumbukumbu divai mpya ikipungua.

"Shangazi, tuko kazini," Jumberi alisema, huku anavuta kiti.

"Mkishakula mtakuwa kazini."

Temuri akajaribu kukataa. "Mimi napanda juu, mama, nikinywa nitaanguka."

"Ukianguka utaangukia maharage. Kaa."

Jumberi akawa mkuu wa meza, maana hakuna meza isiyo na mkuu, na kumbe mzee alikuwa na kipaji. Akanyanyua glasi kwa ajili ya amani. Akanyanyua kwa ajili ya nyumba ile, kwa ajili ya wazazi, kwa ajili ya watoto walioko Poland na Uturuki wakifunga masanduku ya matufaha ya watu wengine. Temuri akasahau kuanguka. Lamzira, aliyekuwa amekasirika, akakaa "dakika tu", akaanza kumtania Jumberi kwamba sharubu zake zinakunywa kuliko yeye.

Ilipofika zamu ya marehemu wote walisimama. Jumberi alimega mkate, akadondoshea divai juu yake.

"Karlo sikumjua," akasema, "lakini nimekunywa kazi ya mikono yake, kwa hiyo namjua. Ardhi iwe nyepesi juu yake."

Wakanywa mpaka chini. Jumberi akabaki amesimama, anaangalia vichala juu, kisha akatoa simu, akasogea mpaka kwenye lori. Sauti yake ilifika mezani vipande vipande. "Bosi... ndiyo... zabibu bado zipo juu, bosi... hapana, mwezi mmoja tu, baridi ikipiga... msumeno nao unasumbua..."

Akarudi amechoka. "Anakuja mwenyewe."

"Aje," Guliko akasema. Akaongeza sahani.

Bosi alikuwa Gocha, mkuu wa umeme wa wilaya, koti safi, viatu visivyojua matope. Guliko alimpokea getini kama alivyowapokea wengine, na Gocha alikuwa mtu wa palepale Guria, mama yake alimfundisha. Hakukataa. Alikaa. Alikula mkate wa mahindi na kuusifu. Akasimama na glasi, akamega mkate, akadondosha, akamtaja Karlo kwa jina lake na la baba yake, akasema wanaume wa namna ile wanaisha. Macho yake yalilowa kidogo, na hakuwa anaigiza. Lamzira alimkanyaga Guliko mguu chini ya meza: umeshinda.

Gocha akafuta midomo kwa kitambaa, akakikunja vizuri, akakiweka kando ya sahani.

"Haya vijana," akasema. "Tuukate."

Hakuna aliyesogea.

"Bosi," Jumberi akasema taratibu, "umemnywea mwenye mti."

"Nimemnywea kwa moyo wangu. Mti ni kazi. Jumberi, nisikilize, hoteli wakipiga simu tena mjini, mimi sina kazi, wewe huna kazi, na huyu kijana hajamaliza hata kulipia godoro. Mama ataelewa. Si ndiyo, mama?"

 Guliko alikuwa anamtazama mdomo, uleule uliomnywea Karlo.

"Basi zivunwe kwanza," Jumberi akasema.

Gocha akatazama saa, akatazama kule juu kwenye kilima. "Haraka."

Umeme wa njia nzima ukazimwa. Temuri alifunga mikanda yake ya nguzo kwenye shina la mforsadi, akatundika kapu la Karlo begani na kupanda, divai yote ikiwa imemtoka kichwani. Alikuwa hajawahi kuvuna zabibu za juu ya mti. Alichuma kama anayeanua nguo kwenye kamba mvua ikinyesha, vingine kapuni, vingine chini. Kapu likashuka kwa kamba. Guliko akalipokea kwa mikono miwili kama alivyozoea, akamimina kwenye beseni, akalirudisha. Likashuka la pili. Simu ya Gocha ikalia. Alisikiliza, akasema "ndiyo, ndiyo, sasa hivi," akaifunga.

"Inatosha. Teremka."

"Bosi, huku juu ndiko ziliko nyingi!" Temuri akapiga kelele.

"Teremka, nimesema!"

Akateremka. Msumeno, ule uliokuwa unasumbua, uliwaka mara ya kwanza tu. Mforsadi uliegemea upande wa banda, ukakaa hivyo kidogo kana kwamba unafikiria, kisha ukaanguka juu ya ua na mzabibu wote mgongoni. Kuku walikimbia. Juisi ya waridi ilitiririka kwenye majani na unga wa mbao, na nyigu walikuwa wa kwanza kufika. Shina la mzabibu lilikuwa limekatwa pamoja na la mti, kwa sababu yalikuwa yameshikana na hakuna aliyejua moja linaishia wapi.

Lamzira alileta mabeseni bila kuambiwa. Walipiga magoti, yeye na Guliko na Temuri, wakaanza kuokota. Jumberi alikata matawi ili wapate njia, sharubu zimeshuka. Zilizookotwa zilikuwa zimepasuka, chachu, zimejaa vumbi la mbao.

"Zioshe tu," Lamzira akanong'ona. "Kidogo kitatoka."

"Siki itatoka," Guliko akasema.

Umeme ukarudi. Kule kilimani taa za hoteli ziliwaka zote kwa pamoja na hazikupepesa.

Gocha alikuwa ameshafika getini. Angeweza kuondoka tu. Lakini alikuwa amelelewa vizuri, na huku mtu akishamnywea marehemu wako hawezi kuondoka bila kuuliza siku ya kumbukumbu yake, ni adabu. Akageuka, mkono kifuani.

"Mama Guliko, kumbukumbu ya Karlo ni lini? Lazima nije."

Guliko alisimama kutoka kwenye majani. Magoti yamelowa, aproni ina madoa ya waridi. Alimsogelea mpaka getini, akamfungulia yeye mwenyewe, kama mwenyeji anavyotakiwa.

"Machi," akasema. "Karibu sana. Njoo na divai yako."

Temuri aliacha kuokota. Lamzira alifunika mdomo kwa mikono yenye unga na juisi. Jumberi akavua kofia bila kujua kwa nini. Huku, hata aliyeunguliwa na nyumba atakwenda kukopa divai mlango hadi mlango ili mgeni asije akasikia maneno hayo. Gocha alianza kucheka, akidhani ni utani. Akamtazama usoni, kicheko kikafia njiani, akaingia kwenye gari na kuufunga mlango polepole sana.

Sasa kijiji kimegawanyika. Wengine wanasema amemwaibisha Karlo kaburini kwa kumtukana mgeni. Lamzira anasema angeongeza na mkate, aje na mkate wake pia. Wewe ungekuwa pale getini, magoti yamelowa, na yeye mkono kifuani anasubiri mwaliko, ungemjibu nini?