Kitambaa Kwenye Swichi Kubwa

Soketi ya chumba anacholala mjukuu wa dada yangu ilikuwa imeyeyuka upande mmoja. Pasi iliila polepole, hadi mfuniko ukapasuka na shaba ikaanza kuonekana. Mtoto mwenyewe ana miezi kumi na moja, anatambaa kama anafukuzwa, na tundu lolote analolikuta lazima alitie kidole.

"Kaka, miaka arobaini umezunguka ukifunga umeme kwenye nyumba za watu," dada aliniambia. "Hii nayo ikushinde?"

"Hainishindi. Toa pasi yako."

Nilijaribu testa yangu ya kupimia umeme kwenye soketi nzima ya ukumbini, ikawaka. Nikazima swichi kubwa, nikaifunga kitambaa chekundu kama nilivyofanya kila nilikopita: ukikiona, huigusi. Nikarudi na testa kwenye ile mbovu. Kimya. Ndipo nikafungua skrubu.

Waya zilikuwa zimeungua kwa ndani. Nikakata ncha nyeusi mpaka nikafika kwenye shaba safi. Soketi yenyewe haikufaa tena, na duka la vifaa liko ng'ambo ya barabara tu, basi nikaziacha ncha tatu zikining'inia ukutani, tupu, nikatoka.

"Mzee, unataka ya bei rahisi au ya kulala usingizi?" aliniuliza muuzaji.

"Ya kulala usingizi."

Niliporudi, nikiwa bado mlangoni, nikasikia friji inanguruma.

"Nani amewasha?"

"Mimi," dada akajibu kutoka uani, mikono kwenye beseni. "Friji ilianza kumwaga maji. Na hilo tambara lako nimelifua, lilikuwa limejaa grisi."

"Mtoto yuko wapi?"

"Si amelala?"

Hakuwa amelala. Alikuwa ameketi chini ya ukuta, ameinua uso, anazitazama zile waya zilizochomoza kama masharubu ya paka. Mkono ulikuwa umeshanyooka. Sikupiga kelele, mtoto akishtuka hukamata kilicho karibu. Nilipiga ulimi, akageuka, nikamdaka makwapani.

Dada alikuja mbio, akasimama mlangoni povu likimdondoka viganjani.

"Ungeniambia!"

"Niliweka kitambaa."

"Kitambaa kinasema nini, Kaka? Humu ndani vitambaa tunafua!"

Kote nilikofanya kazi nilikuwa na mafundi wenzangu. Sikuwahi kukaa kwenye nyumba muda wa kutosha kujua watu wake wanafanyaje na kitambaa kilichosahauliwa mahali. Na hata kama angejua maana yake, tepu ilikuwa mfukoni mwangu. Kuzifunga zile ncha ni dakika moja.

Nikazima tena. Safari hii nilimsimamisha dada mbele ya swichi na mtoto mgongoni. Nikapima kila waya, nikakaza skrubu za soketi mpya, nikavuta waya moja moja kuona kama imeshika, nikafunga mfuniko. Ilitoka kazi safi.

Jioni mama wa mtoto alirudi kutoka kazini. Kabla hajavua viatu, dada alikuwa ameshamweleza yote. Hakunipigia kelele. Aliingia, akachomeka chaja ya simu kwenye soketi mpya, akaiona inawaka, akaichomoa.

"Umetengeneza vizuri, Mjomba," alisema.

Kisha akakunja kigodoro cha mtoto, akakibeba kwapani mpaka chumbani kwake. Nikamsikia akifunga mlango kwa ufunguo.