Simu ya Chumba cha Pampu

Petroli ilikuwa imetapakaa sakafuni. Mpira wa pampu ulikuwa umechanika, na mvuke ulimchoma Mwanne macho mpaka machozi yakamtoka. Alizima pampu, akakimbilia nje.

Nyuma yake simu ya ukutani ikaanza kulia.

Waya wa simu hiyo ulitoka ofisini kwa meneja, Bwana Adolf. Zamani ulipitia kwenye kikasha cha kupunguza nguvu ya umeme, ili cheche isiruke penye mafuta. Lakini kikasha kilififisha sauti, na Bwana Adolf hapendi kibarua amuulize, "Unasemaje, bosi?" Aliamuru king'olewe. Fundi Hamdani aliking'oa, kisha akamnong'oneza Mwanne: "Dada, siku mafuta yakimwagika, simu hii usiiguse."

Sasa Mwanne alivuka uwanja mbio hadi ofisini. Bwana Adolf alikuwa bado ameshika simu sikioni.

"Shikamoo, bosi. Petroli imemwagika! Kata simu, nakuomba!"

"Nakupigia, unanijia kwa miguu?"

"Cheche moja tu, bosi, tumekwisha. Kile kikasha…"

"Ulikuwa hunisikii, sasa unanisikia. Unataka nini tena? Meli ya Kalemie inangoja mafuta, wewe unazima pampu. Rudi ukapokee simu, nikuelekeze."

Mwanne alipiga magoti. Aliona aibu kupiga magoti, lakini alipiga. Watoto wake hawakuwa na mwingine wa kuwalisha. Aliogopa kufa, na aliogopa kurudi nyumbani Kasingirima bila kazi, wala hakujua kipi kinamtisha zaidi.

"Siwezi, bosi."

"Basi toka."

Mlinzi alimshika mkono hadi getini, Bwana Adolf akiwafuata. Nje walijaa watu wanaokuja kila asubuhi kungoja mwenzao afukuzwe. Mbele kabisa alikuwa Nuhu, jirani yake.

"Wewe!" Bwana Adolf alimwita. "Kazi unaitaka? Ingia chumba cha pampu, kaa karibu na simu. Ikilia, pokea."

"Nuhu, usiende! Utaungua!"

Nuhu alimtazama kwa huruma, kama anavyotazamwa mtu aliyefiwa.

"Dada Mwanne, yako imeisha. Niachie na mimi yangu."

Aliingia. Geti likafungwa, na Bwana Adolf akarudi ofisini. Mwanne akang'ang'ania vyuma vyake akipiga kelele, na wale wengine wakamsukuma pembeni, maana alikuwa anawazibia nafasi ya mbele.

Simu ikalia. Nuhu, asije akaonekana mzembe siku ya kwanza, akaanza kukimbilia chumba cha pampu.