Uti Usio na Kichwa

Asubuhi moja kwenye kiwanda cha samaki, kabla chai haijaletwa, mjane alimtoa samaki minofu yote miwili, akakitupa kichwa kwenye ndoo, na uti wa mgongo akautumbukiza kwenye karai la maji kama kawaida. Uti ukaanza kuogelea. Mkia ulipiga kushoto, ukapiga kulia, na kila ulipolalia ubavu ulijiinua wenyewe, ukakaa sawa majini.

"Huyu hajaambiwa kwamba amekufa," alisema mwenzake wa meza ya jirani.

"Kilichoambiwa ni kichwa," mjane akajibu, akinoa kisu. "Kuogelea kumekaa mgongoni."

Msimamizi wa kiwanda alipita, akachungulia, akasema maji yasimwagike sakafuni.

Jioni mjane aliubeba uti nyumbani ndani ya ndoo. Wifi yake alikuwa wa kitandani tangu kreti za samaki zilipomwangukia mgongoni kiwandani humohumo. Kreti zilipangwa mpaka karibu na dari ili mkokoteni upunguziwe safari. Kiwanda kilisema aliteleza mwenyewe. Mezani pake pa kazi angerudi akija kwa miguu yake kabla ya mwezi kuisha, la sivyo basi.

"Mifupa mitupu, wifi yangu? Hata mbwa huachiwa yenye nyama," mgonjwa alisema.

"Nyamaza utazame. Huyu hana kichwa na anajisimamia. Wewe unacho, tena kikubwa."

Akamwingiza wifi kwenye pipa la kufulia pamoja na uti, maji yakimfika kifuani. Uti ukamzunguka, kisha ukajilaza mgongoni pake, ukapiga kushoto, ukapiga kulia. Mjane alimshika makwapani, akasali kimoyomoyo, hakumwachia. Ikawa hivyo kila jioni. Kwanza kiuno kilijibu, kisha magoti. Siku wifi alipolalia ubavu na kujiinua mwenyewe, mjane alikwenda kuinjika maharage.

Mwezi haujaisha, wifi aliingia kiwandani kwa miguu yake, akiyumba kidogo huku na huku, blauzi imelowa mgongoni.

"Si mnamwona?" msimamizi akawaambia wapakiaji. "Kreti hazimdhuru mtu. Ongezeni moja juu."

Wakaongeza.

Mjane akautazama mlima ule wa kreti, akavuta karai la pili chini ya meza, akatumbukiza uti mwingine. Nao ukajiinua.

"Huo ni wa nani?" jirani akauliza.

"Wa yeyote kati yetu," alisema mjane, akachukua samaki mwingine.