Magunia ya Kwenye Kalavati

Mwenyekiti wa kamati ya maji walimwita Bwana Zamu, na jina lilimkaa. Kiangazi chote alisimama kisimani akihesabu ndoo: mbili kwa kila nyumba, hata kwa mama mkwe wake. Aliyejaribu kurudi mara ya pili aliaibishwa mbele ya watu. Lakini nyani haoni kundule.

Maana huyohuyo Bwana Zamu, baada ya manyunyu ya siku moja, aliziba kalavati la chini ya barabara kwa magunia manne ya mchanga, ili maji yasipite, yatuame kwenye nyanya zake. Alijiambia atayatoa kesho. Kesho ikawa wiki, na nyanya nazo zilikuwa zinapendeza.

Kisha mvua ikanyesha siku tatu mfululizo. Maji yalipokosa pa kutokea yakarudi nyuma, yakalaza mahindi ya watu, yakapitia vyooni, yakaruka ukingo wa kisima na kuingia ndani. Waliolia kwa kukosa maji sasa walikuwa nayo hadi magotini, na hawana ya kunywa.

Mkutanoni lawama zote zilimwangukia fundi aliyejenga ukingo, kaka wa mke wa Bwana Zamu.

"Ulijenga ukingo au kibaraza cha kukalia?" mmoja aliuliza, watu wakacheka kwa hasira.

Bwana Zamu alikuwa na kila nafasi ya kusema. Alikohoa, akasoma uamuzi wa kamati: fundi asafishe kisima, kisha asishike tena kazi yoyote ya kijiji.

"Sawa, mwenyekiti," fundi akaitika.

Bwana Zamu aliona haya hata kukunja ile karatasi.

Kesho yake alishuka kisimani kumsaidia. Wakachota tope, wanawake wakavuta ndoo juu.

"Shemeji," alianza, "lile kalavati..."

"Nayajua magunia. Niliyatoa mwenyewe kabla watu hawajafika."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema ili iweje? Mimi ni fundi, nitapata kazi hata ng'ambo ya mto. Dada yangu atateka maji hapahapa, na watu hawahawa." Akajaza ndoo. "Tikisa kamba wavute. Na tusiongee sana, sauti inapanda."

Watu wakiaibika husema wanatamani ardhi ipasuke iwameze. Yeye tayari alikuwa ndani ya ardhi, na aibu ilimfuata hukohuko.

Alipopanda kupumzika, mkewe ndiye aliyekuwa ameshika kamba, mbele ya foleni ya wanawake wenzake. Tangu mkutano alikuwa hamtazami mtu usoni.

"Baba watoto," alisema polepole, "mwambie kaka safari hii afanye kazi vizuri. Sina tena uso wa kuwatazama hawa."

Bwana Zamu alitaka kumnong'oneza, yaishie kwao wawili. Lakini fundi hakuhukumiwa kwa kunong'ona. Akawageukia walio kwenye foleni.

"Jamani, fundi hana kosa. Kalavati nililiziba mimi, kwa ajili ya nyanya zangu. Naye alijua, akaninyamazia."

Yule wa maneno ya kibaraza alitazama chini. Mkewe aliiachia kamba, akampita bila kumgusa, akainama juu ya kisima.

"Kaka," aliita. "Kaka, panda. Mwenye kazi yake atashuka."