Bwana Ghalibu Anamzungusha Mgeni

Koleta aliposhuka kwenye treni iliyotoka Dar es Salaam asubuhi ile, alikuwa na kikapu cha ndizi mkononi na jambo moja tu mjini Tabora: kuliona kaburi la kaka yake Wenceslaus kabla treni ya Mwanza, alikokuwa akimfuata mumewe, haijaondoka jioni. Wenceslaus alikuwa fundi wa reli. Homa ilimuua mwaka uliopita, na habari zilifika kwao Matombo, milimani Uluguru, ameshazikwa. Tangu hapo mama yao alikuwa na swali moja: mwanangu alizikwa na nani huko, au alifukiwa tu kama mtu asiye na kwao? Koleta naye, kusema kweli, aliliogopa jibu.

Mwenyeji wake alikuwa Bwana Ghalibu, mwenye duka la vitambaa Mtendeni. Wenceslaus alikuwa amepanga chumba uani kwake. Mwarabu huyu alihamia kutoka Pemba kurithi duka la mjomba wake, na muda mfupi aliokaa Tabora ulimtosha kujiona mzaliwa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti yangu. Karibu chai."

Chai ikanywewa, na vitumbua vikaliwa. Koleta alipotaja kaburi, Bwana Ghalibu alikohoa, akachukua mwavuli wake. "Tutakwenda, inshallah. Lakini mtu hafiki Tabora akaondoka bila kuliona boma!"

Basi boma likaonwa. Lilikuwa jeupe, juu ya kilima, kuta zake nene zimejengwa na Wajerumani, na bendera ya Waingereza ikipepea juu yake bila haya. Bwana Ghalibu alieleza habari za kila dirisha. Kutoka hapo wakaenda sokoni, akamwonjesha asali ya Ipole kwa kila muuzaji mpaka Koleta akaomba maji. Kisha wakatokea barabara ya zamani ya misafara, ile iendayo Kwihara.

Hapo Koleta alisimama mwenyewe, bila kuambiwa. Aliwaza wapagazi wa Kinyamwezi walioshika njia hii na pembe mabegani kwenda pwani, wakapita chini ya milima ya kwao, wakagombana na babu zake, wakapatana, wengine wakaoa hukohuko. Njia hii hii ilipita kwao! Alifurahi kama mtu aliyekutana na jirani ugenini.

"Sasa kaburi, mzee."

"Kwihara si mbali. Kuna nyumba ya kale ya udongo, tembe hasa..."

"Si mbali kiasi gani?"

"Hapo tu."

Koleta akaitazama barabara iliyonyooka mpaka macho yakachoka, akalitazama na jua. Uvumilivu ukamwishia. "Mzee wangu, umenitembeza leo kama mbuzi wa mnada. Kaka yangu hana kaburi? Niambie tu."

Bwana Ghalibu aliona aibu hata jasho likamtoka. "Analo, na msalaba juu. Ila maziko yake, binti yangu... Walikuja Wanyamwezi wa mtaani, watu niliowadhani waungwana. Wakamcheka maiti! Kabla jeneza halijashushwa, mama mmoja, Bernadeta, akaingia kaburini, akalala chali. Anasema Mluguru ni mvivu, hata kaburi lake lazima apashiwe joto, na yeye hatoki mpaka apewe kuku! Nilikasirika, nikaondoka. Sisemi nao mpaka leo."

"Alilala kaburini?"

"Wallahi!"

"Na kuku akapewa?"

"Sikungoja kuona!"

Koleta aliketi palepale kando ya njia, akacheka mpaka machozi yakamtoka, na alipofika kwenye machozi akalia kweli, kisha akacheka tena. Bwana Ghalibu akafungua mwavuli kumkinga, akidhani jua limempanda kichwani.

"Mzee, hao ni watani! Waluguru na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara. Kwetu maziko bila watani ndiyo aibu. Kaka yangu kazikwa kwa heshima zote, na wewe ukanuna!"

Bwana Ghalibu aliukunja mwavuli. "Mwaka mzima nafuata maharage sokoni," akasema polepole, "na mama yule anauza mlangoni kwangu."

Walirudi mbio mbio. Walimkuta Bernadeta, mama mnene mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto, akipepeta maharage yake. Koleta hakumwamkia.

"Wewe mbeba mizigo! Ndiwe uliyembania kaka yangu nafasi kaburini?"

Bernadeta alimkagua uso. "Toba! Sura mbaya ileile! Kumbe wako wengi?" Akampokonya kikapu cha ndizi, akakitupa nyuma yake, kisha akamkumbatia kwa nguvu.

Kaburini walikwenda wote watatu. Lilikuwa limepaliwa, halina hata jani. Koleta alipiga magoti akasali, na alipoinuka Bernadeta alikuwa ameokota fimbo.

"Hebu niambie kama nimesahau," akasema.

Akaiweka fimbo begani mithili ya nyundo ya reli, akatanguliza kidevu, akaanza kutembea kati ya makaburi akiburuta mguu wa kushoto, na kila baada ya hatua chache akisimama kupandisha suruali asiyoivaa.

Koleta alijishika mdomo. Mwendo ule hakuuona tangu Wenceslaus aondoke nyumbani.

"Huyo!" akapiga kelele. "Huyo ndiye! Ndiye kaka yangu!"

Bernadeta alikwenda hivyohivyo mpaka mwisho wa makaburi, akapandisha suruali yake, akageuka, akaja kwake.