Jicho Ndani ya Ndoo

...kamera hii haiingii maji, anasema muuzaji, na ile ya kwanza nayo si alihakikishiwa hivyohivyo, akaifunga juu ya mlango wa chumba cha uyoga, siku ya nne tu imejaa mvuke kwa ndani, ikawa kama miwani ya mtu aliyefunua sufuria inayochemka, "ile ilikuwa ya sebuleni, dada," anasema muuzaji, "adui wa kamera si mvua, mvua inapiga inapita, adui ni unyevu, ule unakaa, unatafuta tundu la waya," unyevu, nani wa kumfundisha yeye unyevu, anayenyunyiza maji mara tatu kwa siku mpaka kuta zinatoka jasho, na bado mifuko ishirini ya uyoga imeota ukungu wa kijani, kazi ya msimu mzima imekwenda na maji, kwa sababu kuna mtu anaingia mle na uchafu wa nje, na nyumba yenyewe ina watu watatu, yeye, mume wake na mama mkwe, mume kutwa yuko kazini, sasa hapo utamtaja nani, na mume alipochoka kusikia akasema haya, nionyeshe mama akiwa mle ndani, ukinionyesha nitampeleka akakae kwa kaka, akasema ameinamia sahani, uso hakuinua... "Sasa tazama," muuzaji anaichukua kamera, ndogo, inaenea kiganjani, anaizamisha kwenye ndoo, mkono unazama mpaka kiwiko, na Mungu wangu, inaona, kwenye televisheni pale ukutani inaona, mapovu yanapanda, juu kuna duara la mwanga, na ndani ya duara ni yeye mwenyewe, ameinama, mdomo wazi, kitu kimezama na bado kinamtazama wala hakipepesi, mwili unamsisimka, mara ya mwisho kushangaa hivi ni siku ya pili ya ile kamera, ilipokuwa bado nzima, alipozikimbiza picha za usiku kucha kwa dakika moja akauona uyoga ukitoka, vidole vyeupe vinasukumana, vinajifungua kama miavuli bila kelele, miaka mitatu anaulea na hakujua kwamba unacheza namna ile, akalia peke yake, hakumwambia mtu... "Kioo ukikifuta usikwaruze, fanya hivi," muuzaji ameitoa ndooni, anaviringisha upindo wa shati kwenye kidole gumba, anafuta polepole, na kwenye televisheni nguo inakuja, giza, inaondoka, mwanga, inakuja tena, na moyo wake unaruka, maana mwendo huu wa mkono anaujua, picha ya mwisho ya ile kamera, iko ndani ya simu, simu iko mkobani, jioni hii ilikuwa aitoe mbele ya mume, na kamera mpya ije ikazie, mkono wa kizee unaibuka katika weupe, umeshika pembe ya nguo, ameitazama mara kumi na mara kumi amejiambia huyo, anaziba jicho asionekane... lakini mwizi gani hulifuta jicho linalomvizia, mama alikuwa anafuta, jamani, mvuke uko ndani yeye anafuta nje, anafuta tu, na kigoda kile alichokikuta chini ya kamera, amekipanda na magoti yale mabovu, na miguu mitupu ambayo kila mara huiona ina maji mpaka kwenye fundo, amenawa, mama hunawa miguu ndipo aingie, na yeye mwenye uyoga je, anatoka shimoni kutupa mifuko iliyooza, anarudi moja kwa moja chumbani, na ndara ni hizihizi, nyani haoni kundule, anazitazama sasa, kwenye ukingo kuna vumbi la kijani, limekauka, mama aliingia mle kutazama vile vidole vyeupe, labda naye alilia, na picha anayo, na ahadi ya mume ni ileile, umemwona mama ndani, ndiyo, kamwona, sasa hivi ndiyo kamwona... "Ni hii, dada, au nikuonyeshe nyingine?" maji yanamtiririka muuzaji kwenye kiwiko, na yeye bado ameinamia ndoo, mama haendi popote, anasema moyoni, jioni hii picha ataionyesha, halafu atazivua ndara hizi aziweke mezani mbele ya mume, aseme ni mimi.